Korongo taji wa Rwanda: kutoka bustani za Kigali kurudi mabondeni

Ndege anayependwa kuliko wengi nchini Rwanda alikaribia kutoweka kwa sababu ya kupendwa huko. Historia yake inaeleza jinsi bayoanuwai ya dunia inavyopotea, na pia jinsi sehemu yake inavyoweza kurejeshwa.

Kilima cha Kinyinya, katika wilaya ya Gasabo kaskazini mwa jiji la Kigali, kinakumbukwa na wasikilizaji wa zamani wa redio kwa sababu moja kubwa. Kuanzia miaka ya 1960 hadi mwaka 2015, hapo ndipo ilipokuwa mitambo ya masafa mafupi ya Deutsche Welle, iliyorusha matangazo, yakiwemo ya Kiswahili, hadi pembe nyingi za Afrika. Mitambo ilipozimwa, kilima hicho kilianza kutajwa kwa jambo jingine: mradi wa mji wa kijani, uliopangiwa eneo la hekta 600 hivi, wenye nyumba za gharama nafuu, miti na njia za waenda kwa miguu.

Mvua inayonyesha juu ya mapaa ya Kinyinya haibaki Kinyinya. Huteremka kwenye mabonde ya jiji, ikaingia mto Nyabarongo, nao Nyabarongo ukishaungana na Akanyaru huwa Akagera, mto unaopita mpakani mwa Burundi na Tanzania, ukaambaa na Hifadhi ya Taifa ya Akagera, kisha ukamwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Njia hiyo ya maji, yenye mafunjo na matete kwa sehemu kubwa, ni makazi ya ndege ambaye Wanyarwanda humwita umusambi na Waswahili humwita korongo taji. Wanasayansi humwita Balearica regulorum.

Ndege mwenye taji

Korongo taji husimama kwa kimo cha mita moja hivi. Mwili wake ni wa kijivu, mabawa yana nyeupe na kahawia, mashavu ni meupe, na chini ya kidevu huning'inia kifuko chekundu cha ngozi. Kichwani ana shada la manyoya magumu ya rangi ya dhahabu, nalo ndilo lililompa jina. Kati ya jamii 15 za korongo zilizopo duniani, yeye na binamu yake korongo taji mweusi wa Afrika Magharibi na ukanda wa Sahel ndio pekee wanaoweza kutua na kulala juu ya miti, kwa kuwa kidole chao cha nyuma ni kirefu na hushika tawi.

Dume na jike hukaa pamoja kwa miaka mingi. Hucheza ngoma yao kwa kuinamisha vichwa, kufungua mabawa na kuruka juu, nao hufanya hivyo hata nje ya msimu wa kutaga. Kiota hujengwa katikati ya kinamasi, kwa majani yaliyolazwa yakawa kama jukwaa juu ya maji. Jike hutaga mayai mawili hadi manne, na wote wawili huyaatamia kwa zamu kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Vifaranga huondoka kiotoni mapema sana, wakawafuata wazazi kwa miguu. Itachukua kama miezi mitatu kabla hawajaweza kuruka. Katika miezi hiyo mitatu mtoto yeyote mwenye mbio anaweza kuwakamata.

Chakula chao ni wadudu, vyura, mbegu na nafaka. Wakulima wa mahindi wana malalamiko yao juu ya jambo hili, na hayafai kupuuzwa: shamba lililopandwa jana laweza kufukuliwa leo asubuhi.

Nchini Uganda ndege huyu ni alama ya taifa, yumo kwenye bendera na kwenye nembo. Nchini Rwanda hana cheo hicho, lakini kwa karne nyingi amehusishwa na utajiri na maisha marefu. Ni heshima hiyo iliyomponza.

Kifungo chenye maua

Hadi miaka michache iliyopita halikuwa jambo la ajabu kuona korongo wawili wakitembea kwenye bustani ya hoteli mjini Kigali, au ndani ya ua wa nyumba ya mtu mwenye uwezo. Wageni waliwapiga picha. Wenyeji waliona fahari. Wachache walijiuliza kwa nini ndege hao, wenye mabawa yanayopanuka hata kufikia mita mbili, hawarukii zao.

Jibu lilikuwa baya. Baadhi yao walikatwa manyoya ya mabawa, na hao walikuwa na bahati, maana manyoya huota tena. Wengine walivunjwa mifupa ya bawa, wasiweze kuruka maisha yao yote. Walilishwa chakula kisichowafaa, wakapata utapiamlo na msongo, na wakiwa kifungoni ilikuwa nadra mno kwao kuzaa. Kwa hiyo kila aliyekufa bustanini aliacha nafasi iliyojazwa na mwingine kutoka kinamasini. Bustani ikawa kama mtungi uliotoboka: haukomi kuhitaji maji.

Aliyemkamata kinda na aliyemfuga hawakuwa watu wa hali moja. Kule mashambani, kinda la korongo lilikuwa njia ya kupata fedha kidogo kwa familia isiyo na nyingine. Mnunuzi wa mjini alilipa zaidi kwa kitu alichokiona pambo. Baina yao walikuwapo madalali. Biashara hiyo haikuishia Rwanda. Korongo taji kutoka Afrika Mashariki wameuzwa kwa mabustani ya wanyama na wafugaji binafsi katika mabara mengine, ingawa Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, unamweka kwenye orodha ya wale ambao biashara yao lazima idhibitiwe. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Matokeo yalionekana kwenye hesabu. Katikati ya miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba mashariki na kusini mwa Afrika kulikuwa na korongo taji zaidi ya 100,000. Katika miongo iliyofuata idadi hiyo ilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilimpandisha daraja kwenye Orodha Nyekundu, kutoka spishi dhaifu hadi spishi iliyo hatarini kutoweka. Nchini Rwanda, makadirio ya wakati huo yalisema kwamba waliobaki porini ni mia kadhaa tu.

Msamaha badala ya msako

Olivier Nsengimana, daktari wa wanyama wa Rwanda, alikuwa akiwatibu sokwe wa milimani kabla ya kugeukia ndege huyu. Sokwe, alipowaacha, walikuwa tayari na watetezi wengi: hafla ya kuwapa watoto majina, Kwita Izina, imekuwa ikifanyika tangu mwaka 2005, watalii hulipa fedha nyingi kuwaona, na sensa iliyotangazwa mwaka 2018 ilihesabu sokwe wa milimani zaidi ya 1,000 katika Rwanda, Uganda na Kongo, ongezeko lililowashusha kutoka daraja la hatari kubwa kabisa. Korongo hakuwa na hafla wala watalii. Nsengimana alianzisha jumuiya ya uhifadhi ijulikanayo kwa kifupi RWCA, na kuanzia mwaka 2014 ikashirikiana na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, kuwatafuta korongo waliofungwa.

Sheria ilikwisha kukataza kukamata, kuuza au kujeruhi mnyama aliye hatarini kutoweka, hivyo serikali ingeweza kutuma polisi nyumba kwa nyumba. Haikufanya hivyo. Njia iliyochaguliwa ilikuwa msamaha: mwenye korongo ajitokeze, amwandikishe ndege wake, na hatashtakiwa. Matangazo yalitolewa redioni. Vitabu vya katuni viligawiwa shuleni. Mtu akipiga simu, daktari alifika, akampima ndege, akamvisha pete ya utambulisho mguuni, akaeleza kwa upole kwa nini hapaswi kubaki pale.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa sababu ya kawaida kabisa. Anayeogopa kifungo humficha ndege, au humwua ili kupoteza ushahidi. Aliyeahidiwa kwamba hatadhuriwa hupiga simu. Zaidi ya korongo 200 waliandikishwa kwa njia hiyo, idadi inayotisha ikilinganishwa na ile ya waliokuwa wamebaki porini.

Walioonekana wazima walitengwa kwanza mjini Kigali na kuchunguzwa magonjwa, kisha wakapelekwa Hifadhi ya Akagera, mashariki mwa nchi. Huko waliwekwa kwenye eneo lililozungushiwa uzio karibu na maji, bila paa. Hakuna aliyewarusha. Manyoya yalipoota, kila mmoja aliondoka siku aliyoona inafaa. Wengine walichukua miezi. Zaidi ya 150 wamepitia njia hiyo, na baadhi yao wameungana na makundi ya porini na kuzaa.

Akagera yenyewe ni hifadhi iliyowahi kupoteza sehemu kubwa. Mwaka 1997 karibu theluthi mbili ya ardhi yake ilitolewa kwa ajili ya wakimbizi waliorejea nyumbani baada ya vita na mauaji ya kimbari. Simba waliangamia. Baada ya usimamizi kuimarishwa, simba walirejeshwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2015, na faru weusi wakafuata mwaka 2017.

Waliovunjwa mabawa hawakuweza kupelekwa huko, wangekuwa chakula. Kwa ajili yao ilianzishwa Umusambi Village, eneo la hekta 21 ndani ya mipaka ya Kigali, ambako bonde lililochakaa lilipandwa upya mimea ya asili. Zaidi ya korongo 50 wanaishi hapo wakiwa huru ndani ya uzio, na ndege wengine wa aina nyingi wamekuja wenyewe baada ya mimea kurudi.

Rugezi, au bei ya kinamasi

Kumtoa ndege bustanini hakuna maana iwapo hana pa kutagia. Na hapa ndipo jambo linapokuwa gumu, kwa sababu kinamasi nchini Rwanda ni ardhi yenye macho mengi juu yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2 katika nchi ya kilomita za mraba 26,338, yaani wastani wa watu zaidi ya 500 kwa kila kilomita ya mraba. Vilima vimekwisha kulimwa hadi kileleni. Mtu anayehitaji kipande cha kulima hutazama bondeni.

Kinamasi cha Rugezi, katika wilaya za Burera na Gicumbi kaskazini mwa nchi, ndicho ngome ya korongo taji wa Rwanda. Kina eneo la hekta 6,735, na tangu mwaka 2005 kimo kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Lakini kilichokiokoa Rugezi hasa hakikuwa korongo, bali umeme.

Maji ya Rugezi huingia Ziwa Burera, na kutoka Burera huteremka hadi Ziwa Ruhondo kupitia kituo cha umeme cha Ntaruka. Mbele yake kipo kituo kingine, Mukungwa. Kwa miaka mingi watu walichimba mifereji kukausha kinamasi ili walime, na mlango wake wa kutolea maji ukachimbwa kwa kina zaidi. Udongo wa vilimani ukaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukame ulipokuja, kinamasi hakikuwa tena na akiba ya kutoa polepole kama sponji. Kina cha Ziwa Burera kikashuka, na Ntaruka ikakosa maji ya kutosha kuzungusha mitambo. Nchi ikaingia gizani kwa zamu. Serikali ililazimika kukodi majenereta ya dizeli yaliyokula makumi ya maelfu ya dola kwa siku.

Kilimo ndani ya Rugezi kilipigwa marufuku, kingo zikapandwa miti na mianzi, matuta yakachimbwa vilimani. Miaka michache baadaye maji yalirudi na umeme ukarudi. Wakulima waliopoteza vishamba vyao ndio waliolipa sehemu kubwa ya gharama hiyo, na ugomvi juu ya majani ya malisho na ya kuezekea haujaisha. Kwa sababu hiyo walinzi wa korongo huko Rugezi ni watu wa vijiji vya pale pale, baadhi yao wakiwa waliowahi kuingia kinamasini kukata majani au kuokota mayai. Wanalipwa kwa kazi yao. Wanajua njia zote.

Hesabu kutoka angani

Mwaka 2017 ilifanyika sensa ya kwanza ya kitaifa ya korongo taji, kwa kutumia chombo cha angani na wahesabuji wa ardhini kwa wakati mmoja. Walionekana 487. Mwaka 2019 walifika 748, na mwaka 2020 walikuwa 881. Tangu hapo hesabu imevuka 1,000.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Sehemu ya ongezeko yaweza kutokana na wahesabuji kuzoea kazi na kujua mahali pa kutazama. Korongo pia hawana pasi za kusafiria. Kundi lililoonekana leo kwenye kingo za Akagera laweza kuwa kesho upande wa Tanzania. Hata hivyo mwelekeo wa miaka kadhaa mfululizo ni vigumu kuuelezea kwa makosa ya kuhesabu peke yake, na ni mwelekeo wa kinyume na ule wa ndege huyu katika sehemu nyingine za Afrika Mashariki, ambako kukauka kwa vinamasi, nyaya za umeme na sumu za mashambani bado vinampunguza.

Ni kinyume pia na hali ya dunia. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wanasayansi wa bayoanuwai, IPBES, lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba spishi zipatazo milioni moja za wanyama na mimea zimo hatarini kutoweka, nyingi kati yake katika miongo michache ijayo. Ripoti hiyo ilitaja sababu kuu tano kwa mpangilio wa uzito: mabadiliko ya matumizi ya ardhi na bahari, uvunaji wa moja kwa moja wa viumbe, mabadiliko ya tabianchi, uchafuzi, na spishi vamizi. Mbili za kwanza ndizo hasa zilizompata korongo taji: bonde lililolimwa, na kinda lililouzwa. Jopo hilo lilisema pia kwamba zaidi ya asilimia 85 ya ardhi oevu iliyokuwapo duniani mwaka 1700 ilikuwa imepotea kufikia mwaka 2000. Desemba 2022, mjini Montreal, mataifa yalikubaliana kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo mwaka 2030.

Mabonde ya Kigali

Kwa jiji la Kigali makubaliano kama hayo yana tafsiri ya karibu sana. Viwanda vilivyokuwa bondeni Gikondo vimehamishwa. Bonde la Nyandungu, mashariki mwa jiji, lilifunguliwa mwaka 2022 kama bustani ya umma yenye ukubwa wa hekta 120 hivi, baada ya kusafishwa na kupandwa maelfu ya miti ya asili. Mabonde mengine matano ya jiji, likiwemo la Nyabugogo, yamewekwa kwenye mpango wa kurejeshwa. Sababu inayotajwa kwanza ni mafuriko, ambayo kila msimu wa mvua huwatia hasara wakazi wa chini. Ndege hutajwa baadaye, kama hutajwa. Familia zilizoondolewa kwenye nyumba za mabondeni zina hoja zao kuhusu fidia na umbali wa makazi mapya, na baadhi ya hoja hizo ni nzito.

Huko Kinyinya, mtihani wa mji wa kijani utakuwa mteremkoni zaidi kuliko kileleni. Mapaa mengi na lami nyingi humwaga maji kwa kasi, pamoja na udongo na taka, kwenye bonde lililo chini. Miti, mabwawa ya kupokea maji ya mvua na ardhi iliyoachwa wazi huyapunguza mwendo. Tofauti kati ya hali hizo mbili hufika, baada ya safari ndefu ya Nyabarongo, hadi kwenye mafunjo ya Akagera ambako korongo waliotoka kwenye bustani za Kigali sasa wanataga.

Wale wa Umusambi Village hawatafika huko. Korongo taji anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, na waliovunjwa mabawa wangali vijana bado wana miaka mingi ya kutembea kwa miguu. Wanafunzi huletwa kuwaona. Mara nyingi hupita kitambo kabla mtoto mmoja hajagundua bawa lililoning'inia upande, akauliza limepatwa na nini.